Paulo Alikataa Kutoka kwa Siri



Jumapili ya tatu ya Kwaresima, baada ya Misa ya pili, tuliketi pamoja nanyi kutafakari Amri ya Saba. Tulikuwa tumejiandaa kusema juu ya wizi wa sokoni na udanganyifu katika mitihani. Hatukufika huko. Kijana mmoja anayeendesha pikipiki ya abiria aliomba neno, akasimulia yaliyompata majuma mawili nyuma. Alisimamishwa jioni, pikipiki ikachukuliwa, naye akalazwa kasho siku tatu bila kuambiwa kosa lake. Usiku wa kwanza alipigwa kwa mshipi. Siku ya nne mama yake alileta dola 80, mlango ukafunguliwa. Hakuna karatasi iliyoandikwa, si ya kuingia wala ya kutoka. Zile dola 80 zilikuwa karo ya wadogo zake.

Mzee mmoja wa shirika, mtu wa sala ambaye tunamheshimu, alimjibu: «Mwanangu, msamehe. Umetoka mzima, mshukuru Mungu. Yule polisi naye ni mtoto wa watu, na Leta haimlipi.» Kijana mwingine, aliyekaa nyuma kabisa, alisema kwamba njia anayopita polisi huyo usiku inajulikana, na kwamba mawe hayanunuliwi. Na msichana mmoja wa kikundi, ambaye baba yake ni polisi, alichukua kitabu chake cha nyimbo akatoka bila kusema neno.

Ukurasa huu tumeuandika kwa ajili ya hao watatu, na kwa ajili ya yule kijana wa pikipiki. Tunaanza na mzee, kwa sababu jibu lake ndilo linalopendwa zaidi katika Kanisa letu, na kwa maoni yetu ndilo linaloharibu zaidi.

Msamaha hutoka kwa aliyekosewa. Anaweza kuutoa hata leo, akiwa bado na alama za mshipi mgongoni, wala hahitaji ruhusa ya mtu. Malipo hutoka kwa aliyekosa, na aliyekosewa hawezi kuyatoa kwa niaba yake, hata awe mtakatifu kiasi gani. Mambo haya mawili tumeyachanganya kwa muda mrefu, na mchanganyiko huo umewafaa sana wenye nguvu. Tunapowaandaa watoto wa miaka tisa kwa Kitubio cha kwanza, tunawafundisha kwamba aliyeiba kalamu ya mwenzake airudishe kalamu. Mtoto akiuliza kama haitoshi kusema «nisamehe», tunamwambia haitoshi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha hivyo hivyo katika nambari ya 1459, na tena katika nambari ya 2412, ambapo Zakayo anatajwa kwa jina. Basi tuulizane kwa unyofu: ni katika nambari gani ilipoandikwa kwamba sheria ya kalamu inakoma mbele ya mtu mwenye bunduki?

Zakayo alikuwa na kazi ya serikali, tena kazi ya kutoza watu fedha. Alipoguswa na Bwana hakuahidi kuwaombea aliowadhulumu. Alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyenyang'anywa. Ni baada ya kutaja kiasi hicho ndipo Yesu alipotangaza kwamba wokovu umeingia katika nyumba ile.

Lakini tunapenda zaidi mkae na sura ya 16 ya Matendo ya Mitume, kwa maana ni kana kwamba iliandikwa hapa kwetu. Paulo na Sila walikamatwa mjini Filipi kwa sababu wenye mali walikuwa wamepoteza faida yao. Wakavuliwa nguo, wakapigwa kwa fimbo hadharani, wakatiwa gerezani bila kesi kusikilizwa. Asubuhi wakubwa wa mji wakatuma askari waseme: waacheni waende zao. Wengi wetu tungekimbia bila kuangalia nyuma, na jioni tungetoa ushuhuda kanisani jinsi Mungu alivyotufungulia. Paulo alikataa. Alisema kwamba walipigwa mbele ya watu wote, bila hukumu, hali ni raia wa Roma; je, sasa wanatolewa kwa siri? Waje wenyewe kututoa. Nao wakubwa, waliposikia neno «raia», wakaogopa, wakaja kuwasihi, wakawatoa wenyewe.

Paulo hakuwa na chuki. Usiku ule ule alikuwa amemzuia mlinzi wa gereza asijiue, kisha akambatiza. Hapo pana jambo ambalo mahubiri mengi hulipita haraka: kabla ya ubatizo, mlinzi yule aliwachukua Paulo na Sila saa ile ile ya usiku, akawaosha majeraha yao. Hakuwa yeye aliyetoa amri ya kupiga. Yeye ndiye aliyewafunga miguu kwenye mkatale. Alitengeneza kwa mikono yake kile ambacho mikono yake ingeweza kutengeneza. Wakubwa nao walilazimika kuja kwa miguu yao. Kila mmoja alijibu kwa kiasi cha sehemu yake, wala toba ya mlinzi haikuwaondolea wakubwa safari ya kufika gerezani.

Sheria ya nchi yetu, mkiisoma, inasema jambo lililo karibu sana na hilo. Kila Mkongomani anakijua Kifungu cha 15, kile cha «jitegemee», ambacho hakuna aliyewahi kukiona katika Katiba yoyote ya Jamhuri. Ni wachache wanaokijua Kifungu cha 18 cha Katiba ya 2006, nacho kimeandikwa kweli: anayekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoielewa, na kizuizi cha polisi kisipite saa 48. Kifungu cha 17 kinasema kwamba dhima ya jinai ni ya mtu binafsi, na kwamba hakuna awezaye kufungwa kwa kosa la mwingine. Yaani si halali kumshika mama kwa sababu mwana hakupatikana. Kifungu cha 28 kinamwondolea mtumishi yeyote wa serikali wajibu wa kutii amri iliyo wazi kwamba inavunja haki za binadamu. Polisi anayesema «niliamriwa» hajapata kinga, amekiri tu. Tangu Julai 2011 mateso ni kosa la jinai katika nchi hii, kwa sheria yake mahsusi. Na tangu 1888, zama za Leopold, sheria ya madeni ambayo hata leo inatumika mahakamani inasema katika kifungu cha 258 kwamba anayemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake ni lazima airekebishe, na katika kifungu cha 260 kwamba mwajiri hujibu kwa hasara iliyosababishwa na mtumishi wake akiwa katika kazi aliyompa. Mwajiri wa polisi ni Jamhuri.

Hapa mzee wetu angerudi kwenye neno lake la pili: polisi halipwi, atatoa wapi?

Hatulipuuzi neno hilo. Tunajua mishahara ya polisi ni midogo na huchelewa. Tunajua pia jambo ambalo mzee hakulisema, nalo ni «raporti»: fedha ambazo mdogo hupaswa kumpelekea mkubwa wake jioni, ili kesho apangwe tena mahali penye magari. Kwa hiyo dola 80 za mama yule huenda hazikukaa katika mfuko mmoja. Zimepanda ngazi. Lakini angalieni mahali hoja ya umaskini inapotupeleka. Ikiwa polisi maskini hawezi kulipa, jibu la sheria ni kwamba mwajiri wake atalipa kwanza, kisha atamdai mtumishi wake sehemu yake, kidogo kidogo, katika mshahara. Umaskini wa polisi ni sababu ya kumtafuta Leta. Haukuwa kamwe sababu ya kumwacha mama wa mmotari, ambaye ni maskini kuliko wote watatu, abebe gharama peke yake. Hivyo ndivyo ilivyo sasa: kosa la polisi linalipwa na aliyepigwa. Huo mnauita huruma?

Wako pia wanaosema kinyume: serikali ilipe yote, polisi aachwe. Hao tunawaonyesha Marekani, ambako jambo hili limejadiliwa sana. George Floyd alipouawa na polisi mjini Minneapolis mwezi Mei 2020, mji ulikubali mwaka uliofuata kuilipa familia yake dola milioni 27, na polisi Derek Chauvin akahukumiwa miaka 22 na nusu. Hukumu ilimfikia mtu, fidia ikatoka kwa mji. Lakini fedha za mji ni kodi za wananchi, wakiwamo majirani wa marehemu. Kwa kuliona hilo, jimbo la Colorado lilipitisha sheria mwezi Juni 2020: polisi aliyevunja haki ya mtu, ikionekana kwamba hakutenda kwa nia njema, anaweza kulipa mwenyewe hadi asilimia 5 ya fidia au dola 25,000, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili, kinachobaki hulipwa na mwajiri. Hatusemi tuige viwango hivyo. Dola 25,000 kwa polisi wa Bukavu ni hadithi. Tunachokitazama ni mgawanyo. Mwenye kosa anasikia uzito mfukoni mwake, na aliyekosewa halali njaa akisubiri mfuko huo ujae.

Nchi yetu ina mfano wake, nao ni mchungu. Tarehe 1 Juni 2010 Floribert Chebeya Bahizire, aliyeongoza shirika la Sauti ya Wasio na Sauti, aliitikia miadi katika makao makuu ya polisi ya taifa mjini Kinshasa, akiendeshwa na Fidèle Bazana. Jina hilo la Bahizire, kila mtu wa Bushi analisikia kama jina la nyumbani. Kesho yake mwili wa Chebeya ulikutwa ndani ya gari lake, pembeni mwa mji. Mwili wa Bazana haujapatikana hata leo. Mwezi Juni 2011 mahakama ya kijeshi iliwahukumu maofisa kadhaa wa polisi, wengine wakiwa wamekwisha kutoroka, na ikaitambua Jamhuri kuwa na wajibu wa kulipa fidia pamoja nao. Kanali Daniel Mukalay, aliyehukumiwa kifo, alipunguziwa hadi miaka 15 katika rufaa ya 2015, na wenzake waliokuwa kizimbani wakaachiwa. Tukadhani kitabu kimefungwa. Mwanzoni mwa 2021 polisi wawili waliokuwa uhamishoni walijitokeza redioni wakakiri walichokifanya usiku ule. Kesi ikafunguliwa upya, na mwezi Mei 2022 Mahakama Kuu ya Kijeshi ikamhukumu Christian Ngoy Kenga Kenga kifo, na Jacques Mugabo miaka 12. Jenerali John Numbi, aliyekuwa mkuu wa polisi wakati ule, na ambaye daima amekana kuhusika, alisikilizwa mwaka 2011 kama mtoa maelezo tu. Kizimbani hakukaa.

Tunaomba msitusome vibaya juu ya hukumu ya kifo. Kanisa, tangu Papa Fransisko alipoirekebisha nambari ya 2267 ya Katekisimu mwaka 2018, linasema haikubaliki, nasi hatuitaki hata kwa waliomuua Chebeya. Bazana aliyekosa kaburi hatapata kaburi kwa kumuua mtu wa pili. Tunachojifunza ni hiki: kesi ile haikufunguliwa tena na mkubwa yeyote. Ilifunguliwa na dhamiri za askari wawili, na na wajane waliokataa kuambiwa yamekwisha. Miaka kumi na miwili watu wema waliwashauri wasamehe na kunyamaza.

Njia ni ngumu, nasi tungewadanganya tukisema vingine. Polisi akikosa anahukumiwa na mahakama ya kijeshi. Ndivyo Katiba ilivyoweka katika kifungu cha 156. Watu husema hiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani, na wana sababu, kwa kuwa jaji wa huko hawezi kuwa na cheo cha chini ya mshtakiwa, na kadiri mshtakiwa anavyopanda ngazi ndivyo majaji wanavyopungua. Hata hivyo mahakama hizo hupokea madai ya fidia ya aliyekosewa, na mara kadhaa, hapa hapa Kivu ya Kusini, zimewahukumu wenye vyeo. Mkumbuke Baraka, Februari 2011, ambako mahakama ya kutembea ilimhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware miaka 20 kwa makosa ya askari wake mjini Fizi. Kikwazo kikubwa zaidi huja baada ya ushindi. Ili kupata nakala ya hukumu inayoweza kutekelezwa, aliyeshinda hutakiwa kwanza kulipa sehemu ya fidia aliyopewa, kabla hajaona hata franka moja. Asiye na kitu anaweza kuomba cheti cha umaskini, nacho kina safari zake. Na akikipata, mali ya serikali haikamatwi. Ndiyo maana wengi wana hukumu zilizofungwa vizuri ndani ya mifuko ya plastiki, chini ya kitanda, na hawajalipwa.

Hapo ndipo Kanisa la walei lingepaswa kupaza sauti, badala ya kuwahubiria uvumilivu walioko chini ya kitanda pamoja na karatasi zao. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 walei wa Kinshasa walitembea na rozari mikononi, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Thérèse Kapangala, msichana aliyejiandaa kuwa mtawa, alipigwa risasi tarehe 21 Januari 2018 katika parokia ya Kintambo. Rossy Mukendi aliuawa tarehe 25 Februari katika parokia ya Mtakatifu Benedikto, Lemba. Askofu wetu mkuu Munzihirwa alikuwa ameuawa pale Nyawera tangu Oktoba 1996, naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Tukiwataja hawa katika maombi ya waamini, halafu tukamwambia mmotari anyamaze, tumewataja kwa nini?

Kwako wewe uliyesema mawe hayanunuliwi, tutasema machache. Umewahi kuona katika mji huu mtu akichomwa moto kwa sababu ya kelele ya «mwizi!», na kesho yake ikajulikana hakuwa mwizi. Jiwe halina nakala ya hukumu. Halirudishi dola 80, halimtaji aliyepokea raporti, na linampa mkubwa wake sababu ya kuingia katika mtaa wenu na bunduki kumi. Tena kifungu cha 258 kinakuhusu wewe pia.

Na kwako binti yetu uliyetoka. Tulikosa kukufuata mlangoni siku ile, na tunaomba radhi. Baba yako hakushtakiwa na mtu yeyote katika mkutano ule. Mwezi wa pili mwaka 2023, Papa Fransisko alipokutana na vijana na makatekista katika uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa, aliwasimulia juu ya Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, mtumishi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, aliyeuawa mwaka 2007 akiwa na miaka 26 kwa kukataa kupitisha vyakula vilivyoharibika. Floribert wa pili wa nchi hii, nasi tunapenda kuwakumbuka pamoja. Huyu naye alikula mshahara wa serikali, na wakubwa zaidi yake walitaka akubali. Wapo polisi wa namna hiyo mjini Bukavu; huenda baba yako ni mmoja wao. Polisi wa namna hiyo ndiye anayeumia zaidi pale mwenzake asipowajibishwa, maana raia wakimwona barabarani humwogopa na kumlaani kwa makosa ambayo hakuyatenda, na mkubwa wake humwona mpumbavu kwa kurudi jioni mikono mitupu. Polisi mwovu akitajwa kwa jina lake mbele ya jaji, jina la baba yako linabaki safi. Tukinyamaza wote, mtavikwa sare moja.

Kijana wa pikipiki alikubali, baada ya kuzungumza na mama yake, kuandika. Tulikaa naye jioni mbili. Tarehe na saa ya kukamatwa, mahali, majina ya waliokuwa naye kasho, nani alipokea fedha na mbele ya nani, cheti cha daktari juu ya mgongo wake: yote yaliingia katika kurasa tatu. Tuliongeza sentensi moja aliyoitaka yeye mwenyewe, kwamba amekwisha kumsamehe aliyempiga na anaomba arudishiwe dola 80. Nakala moja ilipelekwa kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi, nyingine kwa Tume ya Haki na Amani ya Jimbo Kuu. Tuliomba muhuri wa kupokelewa katika nakala yetu, tukaambiwa turudi wiki ijayo. Tulirudi. Muhuri upo.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, tutaketi tena katika chumba kile kile. Mwenye karatasi aje nayo, na aliyefunguliwa mlango bila karatasi aje na kalamu.